Akiba ya Tumbo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hospitalini Ghent,
Daktari Vandewalle alinisimamisha karibu na dirisha
akanichora kwa kalamu ya buluu
kama seremala anayepima mlango kabla ya kuung'oa.
Mstari toka nyonga hadi nyonga.
Duara kuzunguka kitovu.
Na juu, kushoto, pale ambapo tangu Machi mwaka juzi
pamekuwa tambarare kama bahasha iliyofungwa,
alama moja tu, ndogo.
"Usilivute ndani," akasema. "Leo tunalitaka lote."

Nilicheka mpaka mstari ukapinda.
Miaka ishirini na sita nimelivuta ndani tumbo hili:
katika picha za harusi za watu,
ufukweni Ostende,
nyuma ya kaunta ninapouza chokoleti
na kujidai sionji.
Nimelifunga mikanda, nimelilaza na njaa,
nimelitukana mbele ya vioo vya maduka.
Nalo likinyamaza, likiweka akiba,
na akiba haiozi.

Yaliyofuata nimesimuliwa.
Walikata kipande chenye umbo la mashua ya karatasi,
na mishipa yake miwili
myembamba kama tambi mbichi.
Wakapunguza gegedu ya ubavu ili wapate pa kukiunga.
Kwa dakika hamsini
nyama ile haikuwa na mwenyewe.
Ilikaa tu, nyeupe, ikingoja,
huku mtu ameinamia darubini
akishona kwa uzi usioonekana.
Kisha wakafungua kibanio
nayo ikaona haya,
ikawa waridi.

Usiku chumba kilikuwa na joto la tanuri.
Nililala nimekunjwa kama kisu cha mfukoni,
magoti juu, maana ngozi ya tumbo haikutosha tena.
Kila saa, muuguzi Veerle alikuja na kikalamu chake cha sauti,
akapaka ute baridi, akatafuta.
Kimya.
Kimya.
Kisha: shwaa. Shwaa. Shwaa.
"Linakaa," akasema, kama mtu anayezungumzia mpangaji mpya.
Saa tisa usiku alichelewa kulipata,
akasogeza, akasogeza tena,
nami nikajikuta ninalinong'oneza tumbo langu,
tumbo nililolitukana:
Usiondoke. Nisamehe. Hapa pia ni nyumbani.
Shwaa.

Joris alileta boksi la chokoleti kutoka dukani kwetu
na hakuna aliyemwambia
kwamba nimekatazwa chokoleti, kahawa, hata chai nyeusi,
isije mishipa ikajibana.
Wauguzi wakala.
Nikahesabu karatasi za dhahabu kwenye pipa la taka.

Dada yangu Machteld alikuja na maua na shauri:
"Si ungetiwa silikoni tu, ukamaliza siku mbili?"
Labda. Wapo waliotiwa na wanacheka vizuri.
Lakini mimi, Machteld, najijua:
cha kuazima
ningekishika kwa adabu maisha yangu yote.

Sitakudanganya, halihisi.
Nimeligusa kwa kijiko kilichotoka kwenye jokofu
na ni jicho tu lililoona baridi.
Chini nina kovu refu kama tabasamu la mtu mwongo,
na kitovu kimehamishwa,
kimeshonwa mahali pake papya kama kifungo cha koti.
Na ile michirizi aliyoniachia Wout
alipokuwa tumboni na haraka zake,
mitatu imepanda juu.
Iko kifuani sasa, karibu na moyo,
fedha kidogo, kama njia za konokono.
Wout hajui. Ana miaka ishirini na sita,
ataona aibu.

Jana nilimuuliza daktari
itakuwaje Desemba, nikirudi kaunta,
nikirudia kuonja kwa siri.
Akavua miwani.
"Ukinenepa, nalo litanenepa," akasema.
"Huko lilikohamia
bado linajiona tumbo."

Basi na lijione.