Alama Nyekundu

Kibao kinaanza kwa amri: mbwa afungwe kamba,
kuna kulungu wanaozaa, kuna dubu mmoja
aliyeonekana mwaka juzi, au pengine kilikuwa kisiki.
Bohdana hukisoma kila Jumamosi
kana kwamba milima ya Beskydy hubadili sheria usiku.

Kamba anayo. Ila Knedlík ndiye anayemvuta,
mbwa wa miguu mifupi, tumbo likifagia umande,
mzee kwa hesabu ya mbwa, mkaidi kwa hesabu yoyote.

Misonobari inanukia utomvu.
Hapa na pale, kwenye gome, mstari mwekundu
kati ya miwili myeupe: njia ni hii.
Marehemu Otakar ndiye aliyeipaka,
miaka kumi na tisa, kopo kiunoni, brashi mdomoni,
malipo yake supu ya kabichi kule kileleni.

Mbwa husimama kwenye kila alama.
Hanusi. Hakojoi. Anakaa tu,
muda ule ule bwana wake aliohitaji kupaka,
kisha huinuka, twende.

Wapandaji wenye fimbo wanawapita.
“Amechoka, maskini?”
“Hapana,” anajibu Bohdana, “yuko kazini.”

Leo, karibu na kilele,
mti mmoja umeanguka na alama yake.
Knedlík amekaa pale pale uliposimama,
anaitazama hewa.

Bohdana kaketi juu ya gogo.
Kafungua mkoba: kopo dogo, kutu mdomoni,
brashi iliyokakamaa kama kijiti.
“Haya,” akamwambia, akilegeza kamba,
“nichagulie mwingine.”