Komamanga la Msellem

Hakuchora mtu. Wala paka.
"Sitaki kesho kuulizwa roho i wapi,"
akapanga juu ya sinia komamanga lililopasuka,
ndimu mbili, na kisu ambacho Mwanamkuu
alikuwa na kazi nacho jikoni.

Usiguse. Kivuli hakijakauka.

Siku tatu mchuzi ukaliwa bila ndimu,
Kibokoni nzima ikajua.

Ujana wake aliupaka chokaa kwenye kuta za watu,
rupia moja kwa nyumba, ngazi yako mwenyewe.
Rangi za mafuta alifunzwa na seremala Mgoa
aliyemlipa masazo ya mikebe.
Picha saba aliziuza. Ya nane
karani wa forodha aliitaka, ila yule nzi
aliye ukingoni mwa komamanga afutwe.

Msellem akazirudisha rupia.

"Na nzi je, hana roho?" Mwanamkuu akacheka.
"Huyo sikumchora. Alitua."

Macho yakamwishia, akafa anadaiwa tapentaini.
Picha niliirithi mimi; deni halikumbukwi.
Ndimu zingali na maji.
Kila Ijumaa nikipangusa vumbi
mkono wangu humfukuza kwanza,
naye haondoki.