Bawaba

Karibu na sikio, kidole kimoja mbele ya tundu lake,
pana bawaba ambayo Nereida hakuijua
hadi alipotimiza miaka arobaini na sita
akaamua meno yake yapange foleni.

Trei ishirini na nane, angavu kama ngozi ya kitunguu,
kila moja wiki mbili,
saa ishirini na mbili kwa siku kinywani.
Mbili zilizobaki azigawe baina ya nyama choma,
chai ya huku, ambayo huitwa mate (usicheke),
na kazi: yeye ni dalali wa ng'ombe, Tacuarembó.

Jumamosi moja alisahau kuzivua.
"Fahali namba saba!" ikatoka "shaba".
Wachungaji wakagonga mbao za zizi kwa kicheko.
Fahali alipata bei nzuri hata hivyo.

Trei ya kumi na moja ndiyo iliyoleta sauti.
Akipiga mwayo, tak.
Akitafuna ubavu wa kondoo, tak,
kama mtu abofyaye kalamu gizani na asiandike neno.
Nililala nikiisikia kupitia mto.

Dakta Ansuátegui alibandika picha kwenye mwanga.
"Hiki ni kisahani cha gegedu.
Kama mto wa kitini: ukikaa vibaya, huteleza."
Ni plastiki? nikauliza, kwa ukali wa aliyelipa.
"Labda anaiuma usiku.
Labda bawaba ililia tangu zamani
na kelele za mnada zikaifunika.
Wapo ambao taya hupumzika humo humo. Siwezi kuapa."

Ulimi hauna mfupa, tumezoea kusema.
Hatukuuliza umeazima mlango wa nani.

Wiki sita akabaki na trei ile ile:
kitambaa cha moto shavuni, supu, na amri ya kunyamaza.
Mpwa wake akanadi badala yake,
akauza ndama kama asomaye hati ya talaka.

Leo amenionyesha jino la chini,
lile lililosimama maisha yote likitupa bega.
Sasa linatazama mbele, na linaonekana limeshangaa.
Kisha akapiga mwayo.
Nilizuia pumzi.
Kulia, kimya.
Kushoto, mahali ambapo hapajawahi kusema kitu,
tak.

Akaweka kidole hapo.
"Saba," akasema polepole, akijaribu. "Saba."