Ndoo Zirudishwe

Penseli alizichonga kwa kisu cha kumenyea viazi,
nne kila asubuhi, ncha kama sindano,
akazilaza sambamba na ukingo wa meza
pale stesheni ya Miskolc,
dirisha la pili kutoka chooni.

Daftari nimelikuta mimi, mjukuu,
ndani ya kasha la mitungi ya jamu.
Mwandiko mzuri. Saba zake zimekatwa kiunoni, kama zangu.
Juni, tarehe kumi na moja: mabehewa arobaini na tano.
Maji: ndoo moja kwa kila behewa.
Na pembeni, kwa wino mwekundu:
ndoo zirudishwe zikiwa safi.

Kuhusu watu, hakuandika kitu.
Hapakuwa na safu yao.

Vita vilipokwisha wakamwita kumhoji.
Akavaa tai ya harusi.
"Mimi nilipanga saa," akasema, "sikupanga safari."
Hakimu alikuwa na mafua; akapenga, akaandika, akamwachia.

Mjumbe hauawi. Haya, nimekubali.
Lakini nani alisema haulizwi?

Bibi Piroska hadi kufa kwake aliapa:
Jenő hakuchinja hata kuku.
Ni kweli. Kuku alichinjwa na jirani,
babu akala paja.

Nilimtaka awe na pembe.
Ningemkuta na pembe ningelala usingizi,
maana mwenye pembe humwona tangu mbali, ukavuka barabara.
Huyu alinifunga kamba za viatu.
Alimlilia mbwa wetu siku mbili, kwa kwikwi.
Moyo alikuwa nao; aliutundika msumarini pamoja na koti
akiingia kazini,
na jioni akauvaa tena, una joto lake lilelile.

Jumatatu nikarudi ofisini, idara ya nyumba, ghorofa ya tatu.
Faili la juu: notisi, siku nane, mpangaji na watoto wawili.
Mtu alikuwa ameniwekea alama ya penseli
mahali pa kutia sahihi.
Nikatia. Nikaandika tarehe, kumi na saba.
Saba nikaikata kiunoni.

Saa nne na robo, chai mkononi,
ndipo niliponing'amua: jina sikulisoma.

Tarishi alishabeba mfuko.
Nikamsikia akishuka,
nikahesabu ngazi,
ishirini na mbili,
nikiwa nimekaa.