Mlango wa Kushoto

Nkwabi, fundi wa Mabatini, hashiki msasa kwanza.
Anabisha hodi kwa kifundo cha kidole:
hapa bati laitika, hapa limenyamaza.
Miaka kumi na tisa pikapu imebeba sangara,
barafu ikivuja toka Mwaloni hadi Usagara.

"Paka pati tu," nasema. "Nauza Jumamosi."
Hajibu. Anakata. Kutu yanimwagikia miguuni
kama pumba za ulezi.

Kiraka kakitoa kwenye pipa la mafuta ya kula,
kakichomelea, kakigonga mpaka kikatii.
Jioni kabisha tena. Mlango mzima ukaitika.

Kwa ndani, pasipofika rangi,
herufi tatu za pipa zimebaki kichwa chini.
Nimekaa nazisoma.
Mnunuzi kashapiga simu mara mbili.