Kauli Moja

Dundee, Februari. Ukungu umepanda kutoka Mto Tay
ukakaa dirishani kama mjumbe wa kumi.
Mezani biskuti za siagi, birika la chai,
na ripoti tisa zenye uti wa plastiki,
bado zina joto la mashine.

Mimi ndiye mtu wa takwimu.
Mkataba wa miezi kumi na minane
wa kuhesabu watu nisiowaona.

Profesa Abernethy anavaa miwani:
"Utafiti unaonyesha."
Kana kwamba utafiti una kidole.
Kana kwamba hakuna mkono nyuma ya kidole hicho,
na bega, na mtu, na mshahara wa mtu.

Walioulizwa nawajua. Wazazi thelathini na wanne,
waliokusanywa katika ukumbi mmoja wa kanisa huko Kirkcaldy,
waliokuja kwa sababu hofu iliwatangulia kufika.
Swali la sita: Je, mwanao alibadilika ghafla?
Hapakuwa na kisanduku cha *sijui*.
Hapakuwa na kisanduku cha *alinyamaza miaka saba,
ghafla ni siku niliyosikia mimi.*
Na wana wenyewe
hawakuulizwa hata saa.

Mwaka jana, chumba hikihiki,
Eilidh alileta utafiti wake wa nauli za basi.
Watu thelathini na wanne.
Tulimrudisha. Sampuli ndogo, tulimwambia, haibebi mzigo.
Basi leo inabeba watu.

Ishbel aliitikia kwa kichwa.
Farquhar alimtazama Ishbel kwanza, ndipo akaitikia.
Mimi nilimtazama Farquhar.
Mkono wangu ulikwenda juu.
Siwezi kusema niliuinua.
Siwezi kusema haukuwa wangu.
Penye wengi hapaharibiki neno, nilikaririshwa darasa la nne,
na neno kweli halikuharibika:
liliondoka pale zima, limefungwa vizuri,
likielekea kwa watunga sheria.

Chini kabisa, chumba cha uchapaji,
kuna Catriona.
Miaka kumi na miwili anachapa tunayoyawaza.
Kucha za kijani, wino kwenye kiganja,
na kibandiko cha jina kipya kuliko koti.
Nikimsimulia mama kwa simu nasema *yeye*,
*yeye ndiye anayenichapia karatasi*,
na mama anauliza, anakula vizuri? ana watu huko?
Sarufi yetu haikumdai kitambulisho.
(Nisijisifu. Kwetu nako majina ya kumtupia mtu yapo,
na yana sarufi safi.)

Ni yeye aliyezichapa zile tisa.
Jana jioni alinipa rundo, akalishikilia kidogo
kabla ya kuliachia.
"Ukurasa wa kumi na moja umepinda," alisema.
"Nikuchapie upya?"
Ukurasa wa kumi na moja ni jedwali langu.
Niliutazama. Kingo zote zimenyooka.
"Uko sawa," nikamwambia.
Akasema haya. Akazima taa ya kukatia karatasi.

Sasa naandika kumbukumbu za kikao, zamu ni yangu:
*Imepitishwa kwa kauli moja.*
Tulikuwa tisa.
Kuhesabu ndiyo kazi yangu. Tisa toa moja.
Nane zilikwenda wapi?
Ya Farquhar nadhani aliimeza na biskuti.
Yangu ninayo, imekwama hapa chini ya skafu,
ngumu kama kokwa ya zambarau.
Wengi wape, wanasema, nami nikawapa,
sikuuliza nilichotoa kilikuwa mali ya nani.

Wameondoka. Vikombe vimebaki na midomo ya watu.
Nimechomoa ukurasa wa kumi na moja.
Lifti imeharibika tangu Krismasi;
ngazi ni arobaini na mbili, nimezihesabu mara nyingi.
Kwenye ya thelathini na nne nimesimama.
Chini ya mlango wake kuna mstari wa mwanga
na mashine inakohoa, inameza karatasi, inatema.
Sijui nitaanzaje.
Labda kwa kusema:
ni kweli, umepinda.