Panya Kipofu

Duka la Tartu linafungwa saa kumi na mbili
na Leelo bado anavuta mikia ya panya wa sufu,
mmoja mmoja, kama fundi ajaribuye uzi.
Ukikatika, panya arudi rafuni.
Kengele inayoenea kinywani, nayo irudi.

Muuzaji anakohoa. Theluji inapiga kioo.

Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo.
Leelo, utepe:
ule wa zawadi, mwaka jana,
sentimita arobaini, daktari alizihesabu
akiutoa tumboni mwa Miisu.

Nyumbani anashika mkasi,
anamng'oa panya mpya macho ya plastiki,
anayatia mfukoni.

Miisu anamkumbatia kipofu wake,
anamtwanga mateke,
kisha anamlamba
pale palipokuwa na jicho.